Wastani Haukai Ubaoni

Jioni, upepo wa ziwa unapoanza kupoa, vijiwe vya drafti vya Kirumba, Mwanza, hujaa watu. Ubao ni kipande cha mbao kilichochorwa miraba kwa mkono. Kete ni vizibo vya soda, upande mmoja vimelazwa chali na upande wa pili kifudifudi. Hakuna anayemuuliza mwenzake kiwango. Wanaosimama nyuma ya benchi wanajua nani humfunga nani na nani ni mbabe wa maneno tu, na mgeni akikaa, michezo miwili inatosha kumpima. Anayefungwa ananyanyuka, mwingine anakaa.

Kwenye simu, kijiwe hicho hakina benchi wala mashuhuda. Vijana wanaocheza sataranji mtandaoni, au chesi kama wengi wanavyoiita, wanatoka Nyegezi, Igoma, Malimbe na Buhongwa. Wanakutana kwenye kundi la WhatsApp, wanaunda timu, kisha wanatafuta wapinzani Bukoba, Musoma, Kisumu au Kampala. Mpinzani hawamwoni sura. Wanachokiona ni namba iliyoandikwa kando ya jina lake, na kwa namba hiyo hupangwa mechi nyingi zinazokwisha vibaya: nne kwa bila ndani ya robo saa, kisha siku mbili baadaye watu wawili "wameondoka kwenye kundi". Inauma zaidi ukijua kuwa timu ya aina hiyo mara nyingi haikushindwa na wapinzani, ilishindwa na hesabu ya nahodha wake kabla saa haijaanza kukimbia.

Namba yenyewe ni utabiri. Aliyeijengea msingi ni Arpad Elo, profesa wa fizikia mzaliwa wa Hungaria aliyefundisha Chuo Kikuu cha Marquette mjini Milwaukee. Shirikisho la sataranji la Marekani lilianza kutumia mfumo wake mwaka 1960, na FIDE, shirikisho la dunia, likaufuata mwaka 1970. Wachezaji wawili wakilingana pointi, kila mmoja anatarajiwa kuvuna nusu ya alama zote, sare ikihesabiwa nusu. Tofauti ikiwa 100, mwenye nyingi anatarajiwa kuvuna asilimia 64. Ikifika 200, asilimia 76. Ikifika 400, asilimia 91 hivi. Nahodha akizikariri namba hizo tatu, ameshapata zana ya kutosha.

Sasa chukulia nahodha wa Mwanza anaandikiana na mwenzake wa Bukoba. "Wastani wetu 1500. Ninyi je?" "Hata sisi 1500." Wanafurahi, wanapanga mechi ya mbao nne Jumamosi saa 2 usiku. Lakini Mwanza ina mkali mmoja wa 2000, mwenzake wa 1400 na wawili wa 1300. Bukoba ina watu wanne, wote 1500. Jumla ni 6000 kwa 6000, na karatasi inaonyesha haki tupu.

Shuka ubao kwa ubao uone. Mkali wa 2000 anatarajiwa kuvuna 0.95 dhidi ya mtu wa 1500. Wa 1400 anatarajiwa 0.36, na wale wa 1300 wanatarajiwa 0.24 kila mmoja. Jumlisha: Mwanza 1.79, Bukoba 2.21. Mkali yule, hata acheze kama bingwa wa dunia, hawezi kuiletea timu yake zaidi ya pointi moja. Utajiri wake umekwama kwenye ubao wa kwanza, na wenzake watatu hawawezi kuuchota.

Ushauri unaotoka hapo ni mfupi: manahodha wasibadilishane wastani, wabadilishane orodha. Mkubwa wa huku akae na mkubwa wa kule, wa pili na wa pili, mpaka chini, kisha watazame pengo la kila ubao. Kwa maoni ya mwandishi wa makala haya, pengo la 150 ndilo mwisho wa mechi ya kirafiki yenye ladha, kwa kuwa hapo tayari ni asilimia 70 kwa 30. Pengo likizidi hapo kwenye ubao mmoja upande wa Mwanza, litafutwe jingine linalokaribiana nalo upande wa Bukoba, ili jumla ya matarajio isogee karibu na mbili kwa mbili. Mechi za timu za siku kwa siku kwenye Chess.com tayari hupanga hivyo zenyewe. Aliye juu hukutana na aliye juu, na kila wawili hucheza michezo miwili, mmoja kwa nyeupe na mmoja kwa nyeusi. Orodha huonekana kabla ya kuanza. Nahodha anayeiona mbao sita kati ya nane zimeelemea upande mmoja akaiacha mechi iendelee, amechagua mwenyewe.

Kuna mahali wastani hudanganya zaidi ya hapo, napo ni kwenye sataranji ya watu wanne.

Chess.com wanao ubao huo. Una miraba 14 kwa 14, lakini kila kona imekatwa miraba 3 kwa 3, hivyo inabaki miraba 160. Majeshi ni manne: jekundu, buluu, njano na kijani. Wakicheza kwa timu, jekundu na njano ni wenza, wamekaa wakitazamana, na buluu na kijani ni wenza. Zamu huzunguka hivi: jekundu, buluu, njano, kisha kijani. Na sheria inayoamua kila kitu ni kwamba mfalme mmoja akibanwa asiwe na pa kukimbilia, timu nzima imefungwa, hata kama mwenza wake ana jeshi lote.

Mweke mkali wa 2200 jeshi jekundu na rafiki yake wa 1400 jeshi la njano. Wapinzani wao wote wawili ni 1800. Wastani ni 1800 kwa 1800, mfumo unaridhika. Lakini wapinzani wakishaziona namba, hawana haja ya kumgusa jekundu. Buluu anatuma malkia wake kumsumbua mfalme wa njano. Zamu ni ya njano mwenyewe, na hapo hakuna wa kumsaidia: anasogeza mfalme, au anaziba kwa askari aliyekuwa akilinda kitu kingine. Kijani naye, kutoka upande wa pili, anaingia kwenye pengo lililoachwa. Ndipo jekundu anapata zamu yake, na mara nyingi kilichobaki ni kutazama. Alikuja na pointi 800 zaidi ya mwenza wake, na hazikumsaidia kitu.

Mtu anayelalamika kwamba "kila siku napewa mwenza dhaifu" hana njia ya kuubadilisha mfumo usiku huo, ila anaweza kubadilisha uchezaji wake. Aliye juu aache tamaa ya kushambulia mapema. Kazi yake ya kwanza ni kulinda njia zinazoelekea kwa mfalme wa mwenza wake, kubadilishana malkia mapema anapopata nafasi, na kumlazimisha mpinzani mmoja arudi nyumbani kujihami. Aliye chini asifungue askari wa mbele ya mfalme wake bila sababu, na malkia wake asitangetange. Wenza hao wakicheza namna hii michezo 10, malalamiko yao yatapungua sana.

Wakiwa marafiki wanne nyumbani Mlango Mmoja, kila mmoja na simu yake, dawa yao ni rahisi kuliko hiyo. Wengi huweka wa kwanza na wa nne upande mmoja, wa pili na wa tatu upande mwingine. Si vibaya, lakini ule udhaifu wa mfalme wa wa nne uko palepale. Afadhali wacheze raundi tatu, kila raundi wakibadilishana wenza. Watu wanne wana njia tatu tu za kugawanyika wawili wawili, hivyo kwa raundi tatu kila mmoja atakuwa amecheza na kila mmoja mara moja. Pointi zihesabiwe kwa mtu, zisihesabiwe kwa timu. Mwisho wa jioni hakuna anayeweza kusema alionewa kwa kupewa mwenza fulani, maana wote wamempata.

Lakini kabla ya kupanga lolote, nahodha ajue namba aliyopewa imetoka wapi. Shilingi ya Tanzania, ya Kenya na ya Uganda zote huitwa shilingi, na hakuna mfanyabiashara wa soko la Mwaloni anayezijumlisha bila kuzibadilisha kwanza. Namba za Lichess na za Chess.com ni hivyohivyo. Lichess humwanzisha kila mgeni kwenye 1500. Chess.com humuuliza mgeni anajionaje, kisha humpa mwanzo kulingana na jibu lake. Kwa wachezaji wa kawaida, mtu yuleyule huwa na namba kubwa zaidi Lichess. Mechi ya Mwanza na Kisumu ikipangwa kwa namba za Lichess upande mmoja na za Chess.com upande mwingine, imeshaharibika.

Hata ndani ya jukwaa moja kuna mifuko tofauti. Lichess hutenganisha michezo ya kasi sana, ya kasi na ya haraka kwa kuchukua sekunde za mwanzo na kujumlisha mara 40 ya nyongeza ya kila hatua. Mchezo wa dakika 3 na nyongeza ya sekunde 2 unahesabiwa sekunde 260, uko kundi la kasi. Wa dakika 10 na nyongeza ya sekunde 5 ni sekunde 800, uko kundi jingine, na namba yake ni nyingine. Vijana wengi huandika kwenye kundi namba yao iliyo kubwa kuliko zote. Nahodha aombe ile ya kasi itakayochezwa siku ya mechi, basi.

Kisha atazame alama ya kuuliza. Mark Glickman, mtakwimu wa Marekani, aliongeza kwenye hesabu ya Elo kitu ambacho watu wa vijiweni wanakijua siku nyingi: kumjua mtu kwa michezo miwili si sawa na kumjua kwa mia mbili. Mfumo wake, Glicko, huweka kando ya kila namba kiasi cha shaka. Mtu asipocheza muda mrefu, shaka hukua tena. Lichess hutumia toleo lake la pili, na namba isiyoaminika huandikwa na alama ya kuuliza mbele yake. Mwanafunzi aliyefungua akaunti asubuhi anasomeka 1500?, na fundi aliyecheza miaka 20 bila simu akifungua ya kwake leo naye anasomeka 1500?. Nahodha anayewaweka mbao jirani kwa sababu "wanalingana" atajua saa 2 na dakika 10. Kila mwenye alama hiyo apewe wiki moja ya kucheza michezo 20 na wageni kabla ya jina lake kuingia kwenye orodha.

Na iwe wageni kweli. Kundi linalocheza lenyewe kwa lenyewe hujitengenezea sarafu yake. Mfano unaojulikana sana ni wa Claude Bloodgood, mfungwa wa gereza la Virginia. Michezo yake iliyohesabiwa ilikuwa karibu yote dhidi ya wafungwa wenzake, na kufikia 1996 namba yake ilikuwa imepanda juu ya 2700, ikamweka wa pili katika orodha nzima ya Marekani. Hakuna aliyeamini kwamba alikuwa mchezaji wa pili kwa ubora nchini humo. Klabu ya shule iliyojifungia miaka miwili inaweza kukosea namna hiyo, au kwa upande wa pili: wote wamepanda kwa pamoja kwa ufundi, na namba zao zimebaki chini kwa kuwa hakuna wa nje wa kumnyang'anya pointi. Timu kama hiyo ikitoka nje, wapinzani hudhani wamedanganywa. Wachache wakicheza na watu wa nje kila wiki, namba za kundi zima hurekebika taratibu.

Wenye namba za FIDE nao waziangalie tarehe. Mwezi Machi 2024 shirikisho hilo liliwapandisha wote waliokuwa chini ya 2000 kwa kuongeza asilimia 40 ya pengo lililobaki kufika 2000, na kima cha chini kikawa 1400. Aliyekuwa 1500 alijikuta 1700. Karatasi ya zamani ukutani mwa klabu haifai tena kupangia mtu.

Mashindano ya uwanja wa pamoja, ambako timu nyingi huingia kwa saa moja na kila mtu hucheza mfululizo, yana mtego wa aina nyingine. Lichess hutoa pointi 2 kwa ushindi na 1 kwa sare, na aliyeshinda mara mbili mfululizo huanza kuvuna maradufu mpaka asiposhinda. Mwandaaji huchagua idadi ya vinara wa kila timu ambao pointi zao zitahesabiwa. Hapo ndipo haki inapopatikana au kupotea. Shule yenye watoto 40 ikiingia na kundi la watu 6, na vinara wakawekwa 5, shule itahesabiwa watano waliowaka zaidi jioni hiyo kati ya 40. Wale sita hawana pa kujificha: mmoja akiishiwa bando, wote waliobaki lazima wahesabiwe. Vinara wakiwa watatu au wanne, timu ndogo inapumua. Na timu kubwa igawanywe mbili, Nyamagana na Ilemela kwa mfano, iwe inashindana na nafsi yake pia.

Zipo namna za kupanga ambazo hazimwachi dhaifu akipigwa mwanzo hadi mwisho. Mfumo wa Uswisi, uliotumika kwanza Zurich mwaka 1895, humkutanisha kila raundi aliyefungwa na waliofungwa wenzake, na aliyeshinda na washindi wenzake. Olimpiadi ya sataranji huchezwa hivyo, na ukanda huu wa ziwa tunao ushahidi wa faida yake. Phiona Mutesi, msichana wa Katwe jijini Kampala aliyefundishwa na Robert Katende, ambaye maisha yake yalifanywa filamu na Mira Nair mwaka 2016, aliichezea Uganda kwenye Olimpiadi ya Istanbul mwaka 2012. Timu yao haikuwa miongoni mwa vigogo. Lakini kwa kuwa kila kipigo kiliwateremsha kwa wanaolingana nao, Mutesi alivuna pointi 4.5 katika michezo 9, nusu kamili. Yeye na mwenzake Ivy Amoko wakawa wanawake wa kwanza wa Uganda kupata vyeo vya FIDE. Ingekuwa kila raundi wanapewa China au Urusi, kipaji hicho kisingeonekana kwenye karatasi.

Timu za miji ya ziwa zikifika kumi, mfumo huo unafaa. Zikiwa tano au sita, kila mmoja acheze na kila mmoja. Zikiwa nyingi na pengo ni kubwa mno, yawepo madaraja, kama ilivyofanyika kwenye Olimpiadi ya mtandaoni ya 2020, ambako zilizofanya vizuri daraja la chini zilipanda kukutana na zilizo juu.

Olimpiadi hiyohiyo iliacha somo jingine. Fainali ya tarehe 30 Agosti 2020 ilikuwa India na Urusi. Katikati ya pambano mtandao uliyumba sehemu nyingi za dunia, na wachezaji wawili wa India, Nihal Sarin na Divya Deshmukh, wakapoteza michezo kwa saa. India ilikata rufaa, na rais wa FIDE, Arkady Dvorkovich, akaamua nchi zote mbili zipewe dhahabu. Kwetu mambo hayo hayahitaji fainali. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za intaneti za EASSy na Seacom zilikatika baharini, na watu wa Tanzania wakashinda wakizungusha simu bila kufungua kitu. Aliyekuwa na mechi ya timu siku hiyo namba yake ya kiwango haikumsaidia.

Kwa hiyo makubaliano ya mtandao yaandikwe kabla, kwenye ujumbe ambao wote wanauona. Kasi iwe dakika 10 na nyongeza ya sekunde 5 badala ya dakika 3 kavu, ili mwenye minara miwili ya mtandao kule Ukerewe asifungwe na mnara. Wakubaliane mtu akikatika kabla ya hatua ya kumi mchezo urudiwe, baada ya hapo matokeo yabaki. Mstari wenyewe unaweza kuwekwa popote, ila uwekwe mapema, maana saa 2:40 usiku, matokeo yakiwa mawili kwa moja, hakuna nahodha mwenye moyo wa haki kamili.

Jambo la kuazimana akaunti lisemwe wazi, kwa kuwa huku simu moja mara nyingi ni ya ndugu watatu. Kaka akicheza asubuhi na mdogo wake jioni kwa jina moja, namba inayopatikana si ya yeyote kati yao, na majukwaa yenyewe hayaruhusu. Simu inaweza kuwa moja, akaunti ziwe tatu. Na yule anayejifungisha makusudi wiki nzima ili ashuke, aje kupangwa na wadogo, atolewe kwenye timu bila mjadala mrefu. Anawaibia watoto raha ya kujifunza. Anayetumia kompyuta kumwambia hatua za kucheza naye ni hivyohivyo. Lichess ikimkamata huwarudishia waliofungwa naye pointi zao, lakini timu iliyopoteza mechi hairudishiwi jioni yake.

Limebaki suala la akiba. Kwenye Olimpiadi timu ina watu watano kwa mbao nne, na mmoja akipumzika, walio chini yake hupanda, wa akiba akakaa ubao wa mwisho. Manahodha wa mtandaoni hupenda kumweka wa akiba palepale pa aliyekosekana, na mtu wa 1200 akajikuta mbele ya 1750. Mchezaji wa ubao wa pili akiandika kwamba boti yake kutoka Nansio imechelewa, wa tatu apande wa pili, wa nne apande wa tatu, wa akiba achukue wa nne, na nahodha wa upande wa pili atumiwe orodha mpya kabla ya mchezo kuanza. Boti ikifunga gati saa 2 na robo, aliyechelewa aache mechi iendelee ilivyopangwa. Jina lake liandikwe la tano kwa raundi hiyo, na raundi ya pili arudi kwenye ubao wake.